Mshipi Hauvui Usiyemjua

Wavu haumuulizi samaki kitu. Hutandazwa, hukokotwa, na kilichomo kimo: mkubwa kwa mdogo, aliwaye na asiyeliwa, hata kasa aliyekuwa akipanda juu kuvuta pumzi. Dema huuliza kidogo, maana samaki huingia kwa hiari yake na kosa lake ni kutojua njia ya kutokea. Mshipi hauna hata nguvu hiyo. Ni uzi, ndoana na kipande cha nyama kisichozidi kidole gumba, na hakuna litakalotokea mpaka samaki mwenyewe aje, anuse, apime, afungue kinywa. Mvuvi anaweza kuwa na ngalawa mpya na mikono ya chuma; kama hajui kiumbe asiyemwona, aliye pima kumi na tano chini yake, leo ana hamu ya kula nini, atarudi na chambo kilekile alichoondoka nacho, kimekuwa cheupe kwa kulowa.

Kazi hii haina sifa nyingi siku hizi. Gatini watu husimama kutazama boti za ringineti zikishusha samaki kwa makarai. Ngalawa ya mshipi ikiingia na mtungo mmoja wa changu haigeuzi shingo ya mtu. Wapo wanaoiita uvuvi wa kitoweo, kwa sauti ya kudharau, ingawa kitoweo ndicho kilichowakuza. Mimi naiona ndiyo elimu ya juu ya bahari. Ringineti inadai mtaji, mashine na watu wengi. Mshipi unadai umjue samaki mmoja mmoja, tabia yake na mdomo wake, na hilo halinunuliki dukani.

Wahenga wametuachia kwamba mchagua nazi hupata koroma, na mchagua jembe si mkulima. Methali hizo zilitungwa nchi kavu. Baharini mchaguzi ni samaki; mvuvi anachagua kwa niaba yake tu, na akikosea hapati hata hilo koroma.

Somo huanza na ngisi. Karibu kila samaki wa mwambani anayekula nyama humpenda, na ukimshika mkononi unaona kwa nini. Mnofu wake mweupe huonekana kwenye maji yenye kiza, harufu yake hutoka polepole, na nyama yake, iliyosukwa kwa nyuzi zinazopishana, haikubali kunyofoka. Sifa hii ya mwisho mgeni huipuuza. Chambo hakitoshi kupendwa. Lazima kibaki kwenye ndoana baada ya kudonolewa na visamaki ambavyo hukuvialika. Dagaa na vibua wana mafuta, na harufu yao huenda mbali na mkondo, lakini ni laini: ndoana ikifika chini huenda imebaki uti wa mgongo. Adui mkubwa hapo ni kikande. Ana kinywa kidogo kuliko ndoana yako na meno makali kuliko subira yako, na anaweza kukivua chambo nguo zote bila mkono wako kuhisi zaidi ya mtetemo. Kwenye mwamba wenye kikande wengi, mvuvi huacha dagaa kapuni na kutoa pweza. Pweza ndiye adumuye kuliko wote, ila mbichi ni mgumu mno. Hupigwa kwenye jiwe kwanza, vilevile apigwavyo kabla ya kutiwa chunguni.

Halafu kuna vinywa. Nadhani nusu ya ujuzi wa chambo ni kutazama vinywa vya samaki waliokwisha vuliwa, kazi inayoweza kufanywa na yeyote pale sokoni bila kulowa. Wako changu wenye magego kabisa nyuma ya taya, magego ya kuvunjia kaa, kome na hata mafuma. Kwa hao kipande cha kaa si anasa, ni chakula cha kila siku. Chewa hana haja ya kutafuna. Hujibanza pangoni, hufungua domo ghafla, na maji huingia na kila kilichomo. Vijino vyake vimeelekea ndani, kazi yavyo ni kuzuia kinachotaka kurudi. Mpe kipande chembamba cha ngisi na pengine hatainuka alipolala. Mpe kibua mzima, hasa aliye hai, naye anakuja. Nguru ni habari nyingine tena: meno yake ni wembe, hukata samaki katikati kwa mwendo, akapita, kisha akarudi kuokota vipande. Ndiyo maana anayerambaza kutafuta nguru hutanguliza waya mbele ya uzi, na huweka ndoana ya pili mkiani mwa chambo, pale ambapo pigo la kwanza hufika. Na tasi, ambaye watu wa pwani humla kwa wingi, hula majani ya bahari, kwa hiyo wenye madema hawamtegi kwa nyama bali kwa mwani. Ukishusha ngisi bora kuliko wote mbele ya tasi, umemtembelea asiyekula nyama na sahani ya pilau ya ng'ombe.

Kukata chambo nako ni kazi ya mikono inayojua. Kipande hukatwa kwa mshazari, kirefu, upande mmoja mwembamba. Ndoana hupita mara moja tu karibu na ncha, na sehemu iliyobaki huachwa ining'inie. Mkia huo ndio unaocheza. Mwanafunzi hupenda kuchoma mara mbili au tatu ili chambo kikae imara, na matokeo yake kipande huviringana, huzunguka kila mshipi unaposhuka, na baada ya muda uzi umejisokota wote. Mzee mmoja niliyekuwa nikikaa naye tezi, kusini mwa Unguja, alikuwa haongei kabisa wakati wa kukata. Alikata vyote kabla ya kutia nanga, akavipanga juu ya ubao kwa ukubwa, akavifunika kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Maji ya mvua yakidondokea humo alikasirika kuliko pale samaki alipokata mshipi. Maji baridi, alidai, hukitoa chambo roho, na kwa kweli ukiacha ngisi ndani ya maji baridi kwa muda hupauka na kulegea, utamu wake ukabaki ndani ya ndoo.

Pia alikuwa na ada moja ambayo naishangaa mpaka leo kwa urahisi wake. Samaki wa kwanza wa siku hakuachwa mzima. Alipasuliwa palepale, tumbo likafunguliwa juu ya ubao, na wote tukainama kutazama. Magamba ya kaa? Basi kaa. Visamaki vyenye mstari wa fedha ubavuni? Basi dagaa, na tupunguze ukubwa wa kipande. Mara moja tumbo lilijaa kamba wadogo wekundu, naye akatupa kando ngisi wote aliowanunua, akaanza kuparuza kwenye kapu la mtu wa omo kutafuta vichwa vya kamba vilivyobaki. Wataalamu wa uvuvi hufanya kazi hiyohiyo katika maabara, na huandika ripoti juu ya yaliyomo matumboni. Yeye hakuandika kitu. Aliosha kisu, akachambika upya.

Ugumu ni kwamba chambo kizuri na wakati mzuri haviji pamoja. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya Zanzibar hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji yakipwa, miamba ya pwani ya mashariki hubaki mitupu, na wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vya jirani hutembea mbali na vijiti vyao wakichokoa pweza mashimoni. Chambo ni tele. Lakini siku hizohizo mkondo nje ya mwamba una nguvu mno: chubwi haifiki chini, mshipi hulala kwa upande na kupiga upinde, na hujui kama unavua chini yako au chini ya jirani. Wiki moja baadaye yanakuja maji mafu. Mshipi unaning'inia wima, kila donoo linafika kidoleni. Na mwamba haukauki tena, pweza hapatikani. Ndiyo sababu mvuvi wa mshipi alikuwa mtu wa chumvi kabla hajawa mtu wa barafu. Alitia chumvi pweza wa bamvua ili awe chambo cha maji mafu, na pweza wa chumvi, mgumu na mwekundu, ana wapenzi wake mpaka leo, samaki na wavuvi.

Kuhusu mahali sitasema mengi, kwa kuwa hakuna mvuvi anayependa yasemwe. Mwamba hupatikana kwa alama: mnara wa msikiti ukipanda juu ya mvinje fulani upande huu, na ncha ya kisiwa ikifungua upande ule, hapo ndipo. Vijana wana jipiesi. Wazee huitazama, hutikisa kichwa, kisha huomba wapewe namba.

Tuje kwenye mkono. Mshipi hupita juu ya kidole cha shahada, na wengi huvisha kidole hicho kipande cha mpira wa baiskeli, kwa sababu nailoni ikikimbia hukata mpaka mfupani. Chubwi, ambayo kwa wengine ni risasi ya kuyeyushwa na kwa wengine plagi kuukuu ya injini, hushuka mpaka igonge. Kisha huinuliwa shibiri moja au mbili, ikaachwa, ikainuliwa, ikaachwa. Huko ndiko kuchezesha. Asiyejua hukaa na mshipi uliotulia akisubiri bahati. Ajuaye hauachi utulie hata mara moja, maana samaki ana mstari ubavuni mwake unaohisi mtikisiko wa maji, na kilichotulia kabisa humwambia hapa pana jiwe. Chambo kiinuke kidogo kwa mfano wa kitu kinachotaka kukimbia, kisha kianguke kwa mfano wa kitu kilichoshindwa. Kuanguka ndiko kunakomvuta. Samaki wengi hushika wakati huo, mshipi ukiwa umelegea, na ndiyo sababu mkono unaofikiria jambo jingine huwakosa.

Kila mmoja ana namna yake ya kubisha. Kikande hutetemesha. Changu hupiga mara mbili, ya kwanza kujaribu, ya pili kwa kumaanisha. Kolekole hasubiri utambuzi wako, huondoka na kila kitu. Chewa ni mgumu kuliko wote kumtambua kwa sababu hafanyi kitu: amemeza, amerudi pangoni, ametanua mashavu, na wewe unadhani ndoana imenasa mwambani. Mkunga hujizungusha, na ukimpandisha utakuta ameshafunga mafundo ambayo hakuna baharia anayeyajua.

Katika ngalawa ya yule mzee nilivuta mapema kila mara. "Bado anaonja, mwanangu," mzee aliniambia bila kugeuza kichwa. "Mwache aamini."

"Ami, sasa nitajuaje kwamba ameamini?"

"Atakwambia kwa uzito. Akikudonoa, huyo ana mashaka. Akikulemea, keshaamini."

Nilimuuliza pia, kwa uchungu kidogo, mbona chambo ni kimoja, mwamba ni mmoja, na yeye anajaza mtungo nami nina samaki wawili wadogo waitwao tembo. Akafikiri. "Wewe unamvua unayemtaka. Mimi namvua aliyeko."

Ndoana zenyewe zinauzwa kwa namba, na kwa zile zetu za kawaida namba ikipanda ndoana inapungua, jambo linalomchanganya kila anayetumwa dukani kwa mara ya kwanza. Kuna ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani hata mgeni huiona haiwezi kunasa kitu. Hiyo haitaki kukurupuliwa. Ukikaza mshipi taratibu huteleza kutoka kooni na kushika pembeni mwa taya, na samaki mdogo anaweza kurudishwa akiwa mzima. Watu wa visiwa vya Pasifiki walichonga ndoana za umbo hilo kwa mifupa na makombe zamani sana kabla ya viwanda. Na katika pango la Sakitari, kisiwani Okinawa, Japani, zimefukuliwa ndoana za kombe la konokono wa bahari zenye umri wa karibu miaka 23,000. Nimeziona pichani. Mtu wa Kizimkazi angezitambua papo hapo, na angelalamika kwamba hazina kikwi cha kuzuia samaki asichomoke.

Juu ya yote haya nauweka uvuvi wa ngisi mwenyewe, kwa kuwa hapo anayeliwa na kila mtu anageuka kuwa mlaji, na chambo kinageuka kuwa uongo mtupu. Ngisi huvuliwa alfajiri, magharibi na usiku chini ya taa, zamani karabai na sasa taa za betri. Mwanga huita vijidudu vya majini, vijidudu huita dagaa, dagaa huita ngisi, naye huja akisimama pembezoni, pale mwanga unapokutana na kiza. Mbalamwezi ikiwaka taa hupoteza nguvu yake, na wenye taa hukaa nyumbani. Anachoshushiwa ni kamba wa bandia: kiwiliwili cha mti au plastiki kilichovikwa kitambaa, risasi chini ya kidevu ili kizame kichwa mbele, na mkiani safu mbili za miiba iliyoinama juu, isiyo na vikwi. Asili yake inatajwa kuwa Japani, visiwa vya kusini kama Amami, na husimuliwa kwamba wavuvi wa huko waliona ngisi wakirukia kijinga cha moto kilichoanguka majini kutoka kwenye mwenge wao. Iwe ni kweli au ni hadithi ya gatini, mti ulioungua na kuzama polepole una umbo na mwendo wa kamba, na hapo ndipo fundi alipoanzia.

Mshipi wa ngisi huvutwa mara mbili kwa mkupuo, kisha huachwa uzame. Wakati wa kuzama ngisi hurusha ile mikono yake miwili mirefu, akashika, akavuta kwa minyiri minane. Mkono hauhisi donoo lolote, unahisi uzito tu, uzito laini wa kitu kinachokataa. Hapa sheria za changu hazifanyi kazi. Ukikurupuka, mnyiri unakatika na kubaki kwenye mwiba. Ukilegeza hata kidogo, anachomoka, maana hakuna kikwi cha kumzuia. Unavuta kwa mwendo mmoja, bila haraka na bila kusita, na unapomfikisha juu unahakikisha amemwelekea mwenzako wakati anapotema wino.

Madukani kamba hawa wa bandia wana rangi za kila aina: waridi, kijani, machungwa, wengine na vimetameta. Ngisi, isipokuwa aina chache mno, hana macho ya kutofautisha rangi. Hubadili ngozi yake afanane na kila alipo, na bado yeye mwenyewe haoni rangi hizo tunavyoziona sisi. Anachokiona vizuri ni weupe na weusi, na namna mwanga unavyoelekea. Tena rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea majini: ukivuka mita kumi na kitu, kamba mwekundu ni kamba mweusi. Kwa hiyo nikiona mtu anabishana na mwenye duka juu ya waridi iliyoiva na waridi iliyopauka, najua rangi ile imeshanasa, ingawa aliyenaswa si ngisi. Kitu cha kuuliza ni kama kinaonekana kwa giza la leo, cheusi dhidi ya mwanga au chenye kung'aa dhidi ya kiza, na kama kinazama kwa kasi inayofaa. Mzee alikuwa akikwangua risasi kwa kisu mpaka kamba wake azame taratibu alivyotaka. Rangi hakuijali, mmoja wa kamba wake hakuwa na kitambaa tena.

Uongo wa namna hii haukuanzia kwetu wala hauko baharini tu. Juu kule Kenya, kwenye maji baridi ya Mto Gura katika milima ya Aberdare, kuna trauti ambao mayai yao yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na Ewart Grogan. Huvuliwa kwa inzi wa bandia, manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana ndogo, kitu kisicho na harufu wala ladha. Na kwenye maziwa makubwa ya Amerika Kaskazini, kama Superior, trauti wa ziwani hukaa kwenye vina virefu, na mvuvi humfuata kwa mashua, akishusha risasi iliyoshonewa ndoana mpaka chini, kisha akiinua na kuacha, akiinua na kuacha, mara nyingine akiwa ametunga kipande cha samaki juu yake ili pua nayo ipate haki yake. Mtu wa kisiwa cha Mafia akipelekwa huko angelalamikia baridi. Mkono wake ungeendelea na kazi bila kufundishwa.

Kuna chambo kimoja cha pwani yetu ambacho huenda hakina mfano kwa ujanja, nacho si cha kuliwa. Chazo ana kisahani juu ya kichwa ambacho hujigandisha nacho kwenye ubavu wa papa au gamba la kasa. Wavuvi wa zamani walimfunga kamba mkiani, wakamfuga ndani ya chombo, na walipomwona kasa wakamtupa majini. Chazo alikwenda kujigandisha, na kasa akavutwa polepole na samaki asiye na ndoana wala jino. Mwaka 1884 Frederic Holmwood, ofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alipeleka taarifa ya uvuvi huo kwenye Jumuiya ya Zoolojia ya London. Kasa leo analindwa kwa sheria, na inafaa iwe hivyo, lakini akili ya yule aliyewaza kwamba tabia ya samaki mmoja inaweza kuwa mkono wake mwenyewe, hiyo naiheshimu.

Na mshipi ndio uliompandisha samaki aitwaye silikanti. Mmoja alikuwa amenaswa kwa wavu Afrika Kusini mwaka 1938, na dunia ya elimu ikashtuka, maana ilidhani ukoo huo ulikwisha pamoja na dinosau. Profesa J.L.B. Smith akatangaza zawadi ya pauni 100 kwa atakayeleta wa pili, vipeperushi vikasambazwa pwani. Wa pili alipatikana Desemba 1952 huko Anjouan, Komoro, na aliyempandisha alikuwa mvuvi wa mshipi, Ahamadi Abdallah, usiku, ndani ya mtumbwi. Sehemu ya kisa hiki ninayoipenda ni kwamba Wakomoro hawakuwa na mshtuko. Walimjua, walimwita gombessa, walijua hukaa kwenye vina vya mita mia na zaidi, walijua hujitokeza wanapovua samaki wengine wa usiku, na walijua nyama yake si tamu. Upande wetu alianza kuonekana mara kwa mara Tanga miaka ya mwanzo ya 2000, akinaswa kwenye majarife ya vina virefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Majarife hayo yalikuwa yakimtafuta papa. Hayakumjua.

Tanga hiyohiyo iliwahi kutikiswa sana na baruti, ingawa sheria ya Tanzania iliikataza tangu 1970. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa cha samaki, wengi huzama wasikoonekana, na mwamba huvunjika pamoja na mayai na mapango. Wanunuzi wazoefu pale soko la Feri, Dar es Salaam, humtambua samaki wa baruti kwa kumbonyeza: nyama imelegea, uti umeachana. Samaki wa mshipi ana jeraha moja mdomoni na mwili uliokaza, na katika mnada ndiye wa kwanza kuitwa. Sitaki kumfanya mvuvi wa mshipi awe walii. Naye angetega nyavu kama angekuwa nazo, na wengi wamefanya hivyo. Ila kazi yake inamlazimisha kuchukua mmoja mmoja, na mikono ina mwisho wake.

Shida ya sasa ni ngisi. Mahoteli na wasafirishaji wamempenda kuliko changu alivyowahi kumpenda, na bei yake kwa kilo mara nyingi inamshinda samaki anayepaswa kumvua. Kuchambika ngisi kumekuwa hesabu ya hasara. Ngalawani siku hizi ngisi mmoja hununuliwa kwa mchango, hukatwa vipande vyembamba hadi mwanga unapita, na ngozi yake, ambayo zamani ilitupwa, huviringishwa juu ya kipande cha kibua na kufungwa kwa uzi, ili changu akutane na ngisi mdomoni na kibua tumboni. Kikande, naambiwa, bado hajaiona tofauti. Changu wakubwa wameshaiona.